Mifupa imara baada ya miaka 40: mwongozo kamili wa kujikinga na osteoporosisi

Swali linalonifikia mara kwa mara huja hivi: "Mama alikuwa anameza kalsiamu kila siku, mbona ameteleza kidogo tu na nyonga imevunjika?" Ukidadisi, mambo huwa yale yale. Kidonge kilimezwa bila mtu kujua mama anapungukiwa kiasi gani. Mazoezi hayakuwepo, au yalikuwa matembezi ya polepole baada ya chakula. Njia ya kwenda chooni usiku ina giza. Na mifupa haikupimwa hata mara moja, kwa sababu haikuwa inauma.

Osteoporosisi haiumi. Magoti yanayouma na vidole vinavyokakamaa asubuhi ni matatizo ya viungo, ni jambo jingine kabisa. Mfupa unapungua ndani kimyakimya, na mara nyingi dalili ya kwanza ni kuvunjika kwenyewe: kifundo cha mkono, pingili ya uti wa mgongo au nyonga. Kati ya watu waliovuka miaka 50, mwanamke 1 kati ya 3 na mwanaume 1 kati ya 5 watavunjika mfupa kwa sababu hii.

Kidonge peke yake hakitoshi. Kinachokinga ni mzigo juu ya mifupa, chakula, kutoanguka, na dawa kwa anayezihitaji. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa mfuatano wa makusudi, kwa hiyo usirukie mazoezi kabla hujamaliza hatua ya kwanza.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari na kalamu.
- Futi ya kupimia urefu, na ukuta ulionyooka usio na ubao unaojitokeza chini.
- Kiti imara kisicho na magurudumu, kikae kimeegemea ukuta.
- Begi la mgongoni na vitu vya kuongeza uzito kidogo kidogo. Chupa za maji zinafaa, kwa sababu lita moja ni kilo moja na huhitaji mizani.
- Viatu vya kufunga, vyenye soli isiyoteleza. Kandambili weka kando.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na zile ulizonunua mwenyewe bila kuandikiwa.

## Hatua ya 1: Jua hali yako

Anza na urefu. Vua viatu, simama asubuhi ukiwa umegusa ukuta kwa visigino, makalio na mgongo, tazama mbele, kisha mtu mwingine alaze kitabu kichwani mwako kikiwa kimegusa ukuta sawasawa na aweke alama chini yake. Usijipime mwenyewe, ukiinua mkono kuweka alama, kidevu nacho hupanda na kipimo kinakosea. Pima asubuhi kila mara, kwa maana kufika jioni uti wa mgongo huwa umeshuka kidogo.

Linganisha na urefu uliokuwa nao ujanani. Ukiwa umepungua sentimita 4 au zaidi, au umepoteza sentimita 2 tangu ulipoanza kujipima, kuna uwezekano pingili ya mgongo imebonyea bila wewe kujua. Pingili nyingi hubonyea bila anguko lolote, na mtu hudhani ni mgongo wa uzee. Hapo unahitaji picha ya eksirei ya mgongo kabla ya zoezi lolote.

Kisha andika katika daftari kila kinachokuhusu kati ya haya:

- Umewahi kuvunjika mfupa baada ya miaka 50 kwa kuanguka tu ukiwa umesimama.
- Mzazi wako alivunjika nyonga.
- Hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, au ovari zilitolewa.
- Una uzito mdogo kuliko inavyostahili urefu wako.
- Unavuta sigara, au unakunywa pombe vipimo 3 au zaidi kwa siku.
- Una baridi yabisi, kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au ugonjwa wa utumbo unaozuia chakula kufyonzwa.
- Umetumia vidonge vya steroidi (kama prednisoloni) kwa miezi 3 au zaidi.

La kwanza lina uzito kuliko yote. Aliyevunjika mara moja yuko katika hatari kubwa zaidi ndani ya miaka miwili inayofuata, na bado wengi hufungwa plasta, wanapona, wanarudi nyumbani bila mtu yeyote kuuliza kwa nini mfupa ulivunjika kirahisi hivyo. Ikiwa ni wewe, uliza. Usisubiri uulizwe.

Kuna kikotoo cha bure mtandaoni kiitwacho FRAX, kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Sheffield. Kinawahusu watu wa miaka 40 hadi 90 na hukadiria uwezekano wa kuvunjika mfupa ndani ya miaka 10 ijayo. Jibu lake lipeleke kwa daktari, usijitibu nalo.

Kipimo chenyewe cha mifupa huitwa DXA. Unalala juu ya meza, mkono wa mashine unapita juu ya kiuno na nyonga, na dakika kumi na tano hazifiki. Hakiumi na mionzi yake ni kidogo sana. Miongozo mingi hushauri mwanamke apimwe anapofika miaka 65, na mapema zaidi akiwa na vihatarishi baada ya hedhi kukoma. Kwa wanaume, mashirika kadhaa hutaja miaka 70.

Jibu huja kama alama inayoitwa T. Kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida. Kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua. Kuanzia -2.5 kwenda chini ni osteoporosisi, kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1994. Usibweteke kwa sababu alama yako ni -2.2: wengi wanaovunjika mifupa hawajafikia -2.5. Ndiyo maana alama husomwa pamoja na ile orodha ya vihatarishi.

Umefaulu hatua hii ikiwa daftari lina urefu wako wenye tarehe, orodha ya vihatarishi, na uamuzi wa daktari kuhusu kupimwa DXA.

## Hatua ya 2: Peleka orodha ya dawa kwa daktari

Hatua hii ni fupi lakini hurukwa sana. Baadhi ya dawa hula mifupa, na mtu anaweza kunywa maziwa kwa mkono mmoja huku kwa mkono wa pili anameza kinachoyabatilisha.

Prednisoloni ndiyo inayoongoza. Hata miligramu 5 kwa siku kwa miezi mitatu ni sababu ya kuzungumzia mifupa. Nyingine ni baadhi ya dawa za kifafa, dawa za kushusha homoni katika saratani ya matiti na ya tezi dume, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ikitumika miaka mingi, dawa za kupunguza asidi ya tumbo zinazotumiwa muda mrefu, na dozi ya homoni ya tezi ya shingo iliyopita kiasi. Weka alama pia kwenye dawa za usingizi na zile zinazokupa kizunguzungu; tutazirudia kwenye hatua ya 6.

Onyo: usiache dawa yoyote mwenyewe. Steroidi ikikatwa ghafla inaweza kuhatarisha maisha. Swali la kumuuliza daktari ni moja: "Je, dozi hii inaweza kupunguzwa, au kuna dawa mbadala isiyogusa mifupa?"

## Hatua ya 3: Hesabu kalsiamu ya siku moja kabla ya kununua kopo

Mtu mzima chini ya miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Mwanamke aliyevuka 50 na mwanaume aliyevuka 70 wanahitaji 1,200. Nchi nyingine, kama Uingereza, zimeweka 700 kwa mtu mzima, kwa hiyo usikose usingizi ukipungukiwa siku moja. Shida ni wale wanaokaa kwenye 300 mwaka mzima.

Hivi ndivyo vipimo vya kukadiria, kwa miligramu za kalsiamu:

- Maziwa, glasi ya mililita 200: 240
- Mtindi, gramu 150: 200
- Jibini gumu, gramu 30: 240
- Dagaa wa kopo walioliwa na mifupa yao, gramu 60: 240
- Lozi, gramu 30: 75
- Yai moja: 27
- Wali, bakuli: karibu 5

Tuchukue mfano. Mwanamke wa miaka 58 amekunywa chai iliyotiwa mililita 100 za maziwa (120), amekula mayai mawili (kama 55), wali (5) na mboga za jamii ya kabichi (tuseme 100). Jumla ni 280. Ameshiba vizuri, na mwenyewe angeapa kwamba anakula chakula bora, lakini hajafika hata robo ya 1,200. Akiongeza glasi ya maziwa, bakuli la mtindi na dagaa anafika 960. Sasa pengo ni 240. Hilo linazibwa na glasi moja zaidi, au kidonge kidogo kama maziwa hayapatani na tumbo lake. Maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu yanafanya kazi hiyo hiyo, ila tikisa pakiti kwanza kwa sababu madini hutuama chini.

Mboga za majani nazo hazilingani. Spinachi ina kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini imefungwa na oksaleti, kemikali ya asili ya mmea, na mwili hupata kama asilimia 5 tu, wakati kwenye maziwa hupata karibu asilimia 30. Mchicha una oksaleti nyingi vilevile. Endelea kuzila, zina mema mengine chungu nzima, ila usizihesabu hapa. Jamii ya kabichi na brokoli haina tatizo hilo.

Na supu ya mifupa? Nasikitika kuwaharibia watu utamu, lakini kalsiamu haitoki kwenye mfupa kuingia mchuzini kwa kiasi cha maana, hata ichemke usiku kucha. Kunywa kwa sababu ni tamu.

Kama bado kuna pengo na daktari ameafiki kidonge, zingatia yafuatayo:

- Soma kiasi cha kalsiamu halisi. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalsiamu 500 tu.
- Kaboneti humezwa pamoja na chakula, kwa sababu inahitaji asidi ya tumbo. Anayetumia dawa za kupunguza asidi anafaa zaidi kutumia kalsiamu sitireti, ambayo haichagui muda.
- Usizidishe 500 kwa mara moja. Kinachozidi hapo mwili hufyonza kwa shida.
- Tenganisha na dawa ya tezi ya shingo kwa saa 4. Vidonge vya madini ya chuma navyo visimezwe wakati mmoja na kalsiamu.

Onyo: baada ya miaka 50, chakula na vidonge kwa pamoja visizidi miligramu 2,000 kwa siku. Aliyewahi kuwa na mawe ya figo au mwenye ugonjwa wa figo asianze bila ushauri.

Umefaulu ikiwa umehesabu siku tatu za kawaida, mojawapo ikiwa ya mwisho wa wiki, na unajua pengo lako kwa tarakimu.

## Hatua ya 4: Vitamini D, protini na chumvi

Bila vitamini D, kalsiamu hupita tumboni na kutoka. Kiwango kinachopendekezwa ni yuniti (IU) 600 kwa siku hadi miaka 70, na 800 baada ya hapo. Kwenye kopo 800 huandikwa pia kama mikrogramu 20. Ngozi huitengeneza kwa jua, lakini uwezo huo hupungua na umri, na asiyetoka ndani au anayejifunika mwili mzima hapati ya kutosha hata jua likiwa kali. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani.

Zaidi si bora. Katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2010, wanawake wazee waliopewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa. Na jaribio kubwa la Marekani la 2022 lilionyesha kuwa yuniti 2,000 kila siku hazikupunguza kuvunjika kwa watu wenye afya ambao hawakuchaguliwa kwa sababu ya upungufu. Kwa ufupi, ziba pengo kisha simama hapo.

Protini husahaulika mno. Sehemu kubwa ya mfupa ni protini, na misuli inayouvuta mfupa ni protini vilevile. Mtu mwenye umri mkubwa analenga gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Chumvi ibaki chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kwa maana chumvi inapotoka kwenye mkojo hutoka na kalsiamu. Kahawa vikombe viwili au vitatu haina neno. Sigara, acha.

## Hatua ya 5: Upe mfupa mzigo

Hii ndiyo hatua ambayo wengi hufeli, na sababu ni kuamini kwamba kutembea kunatosha. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na ni bora kuliko kukaa. Lakini mfupa hujengwa unapopata nguvu iliyozidi ile uliyoizoea. Ndani yake zimo seli zinazohisi mkunjo mdogo unaotokea misuli inapovuta au mguu unapokita chini, na hizo ndizo hutoa amri ya kujenga. Ukiondoa mzigo, mfupa hubomolewa: wanaanga hupoteza takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa kila mwezi angani, tena wakiwa watu wenye afya tele. Kuogelea na baiskeli huingia kwenye hasara hiyo hiyo kwa kiasi fulani, kwa vile maji na kiti hubeba uzito wako.

Je, mzigo mzito unafaa kwa wenye mifupa iliyokwisha kupungua? Utafiti mmoja wa Australia uliochapishwa 2018 uliwachukua wanawake wa namna hiyo, waliokoma hedhi, ukawanyanyulisha vyuma vizito dakika 30, mara mbili kwa wiki, kwa miezi 8, chini ya macho ya mkufunzi. Mfupa wa kiuno uliongezeka kwa wastani wa asilimia 2.9, huku kundi lililofanya mazoezi mepesi nyumbani likipoteza asilimia 1.2. Neno la kushika hapo ni mkufunzi. Nyumbani peke yako tunaanza chini zaidi.

Fanya mara 2 au 3 kwa wiki, ukiacha siku moja katikati.

### 1. Kuinuka kitini

Kaa mbele ya kiti, usiegemee. Miguu iachane kwa upana wa mabega, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani. Sasa inama kuanzia nyongani, mgongo ukiwa umenyooka, mpaka pua ifike juu ya magoti, ndipo ukandamize visigino na usimame wima kabisa. Shuka ukihesabu moja, mbili, tatu. Kushuka ndiko watu huharibu: wanajiachia, kiti kinapiga kelele, na nusu ya faida imepotea.

Mara 8, pumzika dakika moja na nusu, rudia hadi seti 3. Ukishindwa bila mikono, weka mto juu ya kiti kiwe kirefu zaidi. Ukifika mara 12 bila kuhema, kumbatia begi lenye chupa mbili za lita moja kifuani, urudi kwenye 8. Ongeza chupa moja kila unapofika tena 12. Kuongeza mzigo ndio moyo wa hatua hii. Begi lile lile mwaka mzima halijengi kitu.

### 2. Kushusha visigino

Shika ukingo wa meza nzito. Panda juu ya vidole vya miguu, kisha achia visigino vitue chini kwa kishindo kidogo, magoti yakiwa yamelegea. Mara 10, seti 3. Kama DXA yako ni ya kawaida na hujawahi kuvunjika, baada ya miezi miwili unaweza kugeuza kuwa kuruka pale pale, mara 10 kwanza. Mwenye osteoporosisi asiruke bila mtaalamu.

### 3. Kusukuma ukuta

Viganja ukutani usawa wa kifua, miguu hatua moja nyuma, mwili umenyooka kama ubao. Kunja viwiko, sukuma. Likiwa jepesi, hamia kwenye ukingo wa meza. Zoezi hili ni la kifundo cha mkono, mfupa ambao mara nyingi hutangulia kuvunjika mtu anapojikinga asianguke.

### 4. Mgongo

Lala kifudifudi na mto chini ya tumbo, mikono ubavuni. Inua kifua kidogo tu, ukitazama sakafu, shikilia sekunde 5, shuka. Mara 8. Usiinue kichwa kutafuta urefu. Unachotafuta ni misuli ya kati ya mabega kukaza.

Onyo kubwa: mwenye osteoporosisi au aliyebonyea pingili asikunje mgongo kwa nguvu. Yaani asilale chali akainuka kukaa, asiiname kugusa vidole vya miguu, wala asijipinde kiuno huku ameshika mzigo. Kukunja mgongo mbele hubana sehemu ya mbele ya pingili, ambako ndiko hubonyea. Hata kuokota kitu sakafuni, piga goti.

Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla mgongoni au kinenani siyo. Acha na umwone daktari.

Umefaulu ikiwa baada ya wiki 12 unanyanyua zaidi ya ulivyoanza navyo, na unaweza kuinuka kitini mara nyingi zaidi ndani ya sekunde 30. Usitafute mabadiliko kwenye DXA kabla ya mwaka mmoja au miwili. Mzunguko mmoja wa mfupa kubomolewa na kujengwa upya huchukua miezi kadhaa, na mashine haioni tofauti ndogo.

## Hatua ya 6: Usianguke

Karibu kila nyonga iliyovunjika ilianza na anguko. Mtu mwenye mfupa dhaifu asiyeanguka ana usalama kuliko mwenye mfupa wa wastani anayejikwaa kila wiki.

Kila siku unapopiga mswaki, simama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, mkono ukiwa karibu na sinki. Ukifika sekunde 10 bila kuyumba, jaribu mguu mmoja. Tai chi, mazoezi ya polepole yenye asili ya China, kwa aliye karibu na mwalimu, imethibitika kupunguza maanguko.

Kisha pita nyumbani saa mbili usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa njia ile ile unayotumia ukiamka kwenda haja. Utaona mwenyewe: waya wa feni, kona ya zulia iliyojikunja, kizingiti. Ondoa au gundisha. Weka taa ndogo inayowaka usiku kucha. Bafuni weka mkeka usioteleza na chuma cha kushika kilichofungwa ukutani kwa skrubu. Kile cha kuanikia taulo hakibebi mtu.

Pima macho kila mwaka. Na zile dawa ulizowekea alama kwenye hatua ya 2, za usingizi na za kizunguzungu, zijadili sasa. Ukiamka, kaa ukingoni mwa kitanda kidogo kabla ya kusimama, hasa kama unatumia dawa za presha.

## Hatua ya 7: Ukiandikiwa dawa za mifupa

Kwa aliyekwisha kuvunjika au mwenye hatari kubwa, mazoezi na maziwa havitoshi. Watu huogopa dawa hizi kuliko wanavyoogopa nyonga iliyovunjika, na kwa maoni yangu hofu imekaa mahali pasipo pake.

Alendronati ya miligramu 70 humezwa mara moja kwa wiki. Chagua siku moja. Amka, meza tumbo likiwa tupu kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha kaa wima au simama dakika 30 bila kula, bila chai, bila kulala tena. Ukiimeza kwa kahawa haifyonzwi, na ukijilaza inaweza kuunguza umio. Wengi wanaosema "imenishinda tumbo" walikuwa wameruka sharti moja kati ya hayo.

Asidi ya zoledroniki huingizwa kwa dripu mara moja kwa mwaka, na inawafaa wasioweza vidonge. Denosumabu ni sindano ya kila miezi 6, na hapo kuwa makini: ikicheleweshwa au kuachwa bila dawa ya kuipokea, mfupa hupungua kwa kasi na pingili kadhaa zinaweza kubonyea kwa mfululizo. Kabla ya kuianza hakikisha utaipata kila miezi 6 bila kukosa, na tarehe inayofuata iandikwe siku hiyo hiyo.

Nenda kwa daktari wa meno kabla ya kuanza. Tatizo la mfupa wa taya ni nadra, ila huja zaidi kwa wanaong'olewa meno wakiwa katikati ya tiba. Maumivu mapya ya paja au kinena ukiwa kwenye dawa hizi yaripotiwe, hata kama hukuanguka.

## Ratiba ya kufuatilia

Urefu pima kila baada ya miezi 6. Hesabu ya kalsiamu rudia kila mlo wako unapobadilika. DXA, kwa kawaida baada ya mwaka 1 hadi 3 kwa aliye kwenye tiba, na ifanyike kwenye mashine ile ile, kwa sababu mashine mbili tofauti hazilinganishiki. Orodha ya dawa peleka kila unapoandikiwa mpya.

Usisubiri ratiba ukipatwa na haya: maumivu makali ya ghafla ya mgongo baada ya kuinua kitu au kukohoa, kushindwa kukanyaga mguu baada ya kuanguka, mguu mmoja kuonekana mfupi huku umegeukia nje, au ganzi na udhaifu wa miguu unaoambatana na kushindwa kuzuia haja. Kwa dalili hizo nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiwa umeanguka na mguu haukanyagiki, usijaribu kutembea. Ita watu wakubebe ukiwa umelala.